Zimwi la Kiti cha Watu Wawili

Sina hata miezi miwili tangu niache kazi, na tayari Mercy, niliyemwachia karakana, amenipigia simu kuniuliza gundi ya sponji inakaa wapi. Iko chini ya meza, nyuma ya mkebe wa vifungo, pale pale ilipokuwa tangu zamani. Lakini simu hiyo imenifanya nifikiri kwamba yako mengi mengine yaliyo nyuma ya mkebe wa vifungo, na nisipoyaandika sasa nitayasahau. Kwa hiyo nyinyi mliobaki pale karakanani Tuwan, na nyinyi wengine mnaoingia kazi hii ya kushonea sinema mazimwi na majoka, tafuteni chai mkae msome.

Wengi wenu mnanijua kama mtu wa filamu. Mimi ni fundi wa viti. Mazimwi yalinikuta nikiwa tayari mama wa watoto watatu, na hata baada ya kuja hayakunizuia kushona makochi ya watu. Habari za mshahara nitaziruka, maana hadithi fupi kiasi hicho haina haja ya karatasi. Vyeo nilikuwa navyo viwili, Fundi na Mama Neema, na vyote nimeondoka navyo.

Nilianza kwa Mzee Jaswant, Singasinga aliyekuwa na karakana ya fanicha hapa Kitale, nyuma ya duka la nduguye. Nilikuwa naweza kuendesha cherehani, nikadhani siku ya kwanza nitapewa cherehani. Nikapewa kochi kuukuu, chafu, limechanika kwapani, nikaambiwa nilitazame. Nikalitazama. Baada ya muda akaja akaniuliza nani anakaa katika nyumba kochi hili lilikotoka. Nikasema sijui, mimi naona kochi limechanika. Mzee akapitisha kiganja chake juu ya kiti, polepole, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Hapa baba anakaa," akasema. "Hapa mama, lakini mbele tu, kwa sababu yeye naamka kila saa. Hapa mtoto naruka. Kiti iko na mdomo, mama. Wewe hapana harakisha."

Wiki hiyo nzima sikushona kitu. Nilisoma mashimo. Baadaye akanifundisha kuweka misumari midogo mdomoni na kuichomoa mmoja mmoja kwa nyundo ya sumaku, ili mkono mwingine ubaki huru kuvuta kitambaa. Faida ya mtindo huo ni kwamba mafundi kumi wanaweza kufanya kazi chumba kimoja bila ugomvi, kwa sababu hakuna anayeweza kufungua mdomo. Mkiona siku hizi nasema sana, jueni nafidia.

Mzee Jaswant alipofunga karakana na kwenda kukaa kwa binti yake, aliniachia ile nyundo. Nikafungua pangu mtaani Tuwan. Nilishona makochi ya maharusi, ya makanisa, ya watu waliolipa kwa mahindi na ya watu walioahidi kulipa. Nyumba za kwetu mnazijua: kiti hata kiwe kizuri namna gani, siku ya pili kinafunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, mgongoni, mikononi, hata juu ya redio. Unashona mahameli ya kupendeza kisha huyaoni tena mpaka yachanike. Kazi hii humfundisha mtu unyenyekevu apende asipende.

Joka la kwanza lililetwa na mwalimu mmoja wa shule ya huko Matisi. Alikuja kuomba vipande vya sponji vilivyobaki. Wanafunzi wake walikuwa wanaigiza hadithi ya kitabu kwenye tamasha la shule, na kulikuwa na joka. Nikamwuliza joka lenyewe likoje. Akanipa kitabu. Nikakisoma Jumapili baada ya kanisa, na nilipofika kwenye joka nikakuta mwandishi amesema lilikuwa "kubwa kuliko hofu". Nikachukua futi yangu ya kupimia, nikaitazama, nikairudisha mfukoni. Jumatatu nikamwambia yule mwalimu kwamba mwandishi hanunui kitambaa, ndiyo maana anakuwa mkarimu hivyo. Tulilitengeneza kwa magunia, na watoto sita ndani. Jukwaani kichwa kiligeuka kulia na mkia ukaenda kushoto, katikati likafunguka, lakini watazamaji walipiga makofi sana na mimi nikawa nimeshaambukizwa.

Tangu hapo nilikuwa na sharti moja: zimwi la mtu silikati kabla sijasoma kitabu chake. Vijana wa filamu walikuwa wananiletea skripti, nami nawauliza, na kitabu? Wengine walikuwa hawajakisoma wenyewe. Watu huniuliza kama riwaya ya maajabu inaweza kuwa filamu nzuri, na jibu langu ni la fundi. Kuingiza kitabu kwenye filamu ni kama kuingiza kochi kubwa kwenye mlango mwembamba wa nyumba ya kupanga. Lazima utoe miguu. Mwenye kochi atapiga kelele kwamba unamharibia, lakini miguu hutoka: wajomba wengi, safari za milima saba, nyimbo za kila mlima. Usichoweza ni kukata mgongo. Ukikata mgongo litaingia, ndiyo, tena bila taabu, lakini ndani hamtakuwa na kochi. Sasa kazi yote iko hapo, kujua katika kitabu hiki mgongo ni upi na mguu ni upi, na si kila mara mtu huujua kwa kutazama.

Filamu ya kwanza niliyoshona nzima ilikuwa ya Collins. Collins ni kijana wa Matisi, mwongozaji, mrefu, mwenye haraka, na moyo wake uko wazi kama dirisha lisilo na pazia. Ilikuwa riwaya ya zimwi la mtoni. Nilikuwa na mahameli ya kahawia yenye maua ya dhahabu, yamebaki mengi kutoka kwenye makochi. Nikayageuza upande wa ndani, nikayapaka rangi, nikayakwaruza kwa brashi ya chuma. Karakanani lilitisha. Mtoto wa jirani alikataa kupita mlangoni kwangu mpaka nikalifunika shuka.

Tukaenda kulionyesha Bungoma, ukumbini, watu wamejaa. Nilichosahau ni kwamba zimwi la mtoni huloa. Lilipoinuka kutoka majini kwenye skrini, rangi ilikuwa imeanza kutoka, na taa ya Collins ikapiga yale maua ya dhahabu yakang'aa yote.  Kisha mama mmoja safu ya pili, ambaye baadaye nilimjua kuwa Mama Faith, mwuza mitumba pale mjini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ati! Si hiyo ni kiti yangu?"

Kumbe nusu ya Bungoma ilikuwa imekalia kitambaa kile. Walicheka mpaka zimwi likamaliza kula kijiji kizima bila mtu kukionea uchungu. Wengine walikuwa wanatajiana nyumba: hiyo ni ya kwa pasta, hapana, ya pasta iko na bluu. Tulipotoka, Mama Faith alinitafuta, akanishika mkono, hana ubaya wowote.

"Mama, kazi yako ni safi," akaniambia. "Lakini sasa hiyo kiti nitaikalia aje?"

Nikamwambia akae, haiumi. Njia nzima ya kurudi Kitale Collins alitazama nje ya dirisha, nami nilikuwa nacheka kwa tumbo tu. Lakini nililiwaza jambo lile kwa muda mrefu. Msomaji akiwa na kitabu hushona zimwi lake mwenyewe, kwa kitambaa cha kwao, na halimwumbui kwa sababu hakuna mwingine anayeliona. Filamu hushona moja kwa ajili ya wote, na siku zote kutakuwa na Mama Faith safu ya pili.

Nimefika kwa Mwalimu Peninah, ambaye ndiye sababu hasa ya mimi kushika kalamu.

Mwalimu Peninah alifundisha shule za msingi za huko Naitiri mpaka akastaafu, kisha akaandika riwaya moja. Ni kitabu chembamba. Katika nyumba moja mama amezikwa, na jioni ya siku watu walipoondoka, mgeni anaingia na kukaa kwenye kochi la watu wawili, upande ule aliokuwa akikaa mama. Mgeni haonekani uso. Kitabu hakisemi ana pembe, hakisemi ana meno. Na kwa vile kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajala, wanampikia. Anakula. Lakini hamalizi sahani, kwa hiyo hawezi kuulizwa, kwa hiyo haondoki. Kuku wanaisha. Watu wa nyumba wanaacha kuongea, kwa sababu mtu haongei mambo ya nyumba mbele ya mgeni. Mwisho kabisa binti mdogo, amechoka kusimama siku zote kando ya lile kochi, anamwendea mgeni na kumwambia, "Nisogezee kidogo." Mgeni anasogea. Binti anakaa. Asubuhi mgeni hayupo.

Nilikisoma kwa siku moja, na nilipomaliza nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Collins alikipenda hata kunishinda. Mwalimu alimruhusu akitengeneze, ila kwa sharti kwamba yeye Mwalimu atamwona mgeni kwanza kabla kamera haijawashwa, na asiporidhika atachukua kitabu chake. Collins akakubali bila kufikiri, kama anavyokubali kila kitu. Alizunguka zaidi ya mwaka kutafuta watu. Alipata nyumba Naitiri. Alipata msichana wa kuigiza yule binti, mwigizaji wa kweli, mwenye macho yanayosema, tatizo lake moja tu kwamba alikuwa anarefuka kama mahindi yaliyowahi mvua. Tukikosa likizo ile ya shule, mwakani angekuwa mama mtu.

"Mama Neema, nishonee zimwi ya maana," Collins akaniambia. "Watu wanakuja kuona zimwi. Wakikosa kuiona si watasema tumewaibia, bana?"

Nami nilikubaliana naye, sitasema uongo. Nilitengeneza zimwi bora kuliko yote niliyowahi kushona. Gunia tupu, hakuna kitambaa cha nyumba ya mtu, nimelipika kwenye majani ya chai na makaa mpaka likawa na ngozi ya kitu kilicholala chini ya ardhi. Pembe za sponji ngumu. Uso niliushona na kuufumua, nikaushona tena, mpaka ukawa na huzuni fulani ambayo niliionea fahari.

Mwalimu akaja Tuwan asubuhi moja, mwembamba, amevaa sweta lake la kijani na viatu vilivyopigwa rangi. Alisimama mbele ya zimwi kwa muda mrefu. Akaomba ruhusa alishike. Akaligusa pua.

"Amependeza sana," akasema. "Lakini huyu simjui."

Collins akaanza kueleza mambo ya taa na kivuli. Mwalimu akainua mkono kidogo tu, kama darasani, na kijana akanyamaza katikati ya neno. Akamwambia kwa upole kwamba mgeni akipewa uso, kila mtu atamtazama na kusema si yeye, na kwamba anasikitika, lakini atachukua kitabu chake. Collins akatoka nje akakaa kwenye gogo, mgongo wake ukitutazama. Ule mgongo ulinitia huruma. Mwaka mzima wa mtu ulikuwa umekwisha kabla ya saa nne asubuhi.

Nikabaki na Mwalimu na birika la chai. Nikamkaribisha akae. Karakana yangu haina kitu kingine ila viti, lakini Mwalimu alikunywa chai yake amesimama, kando ya kochi la watu wawili lililokuwa limeletwa kutoka Matisi kutengenezwa. Mimi nikiogopa kimya huwa nafanya kazi, kwa hiyo nikapitisha kiganja juu ya lile kochi na kuanza kumsomea, alivyonifundisha Mzee Jaswant: hapa anakaa mtu mzito, anaegemea kulia, labda nyonga inamwuma. Hapa mama, mbele tu, ana sufuria jikoni.

Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Na mtu mwenyewe asipokuwepo tena, hilo shimo hukaa muda gani?"

Nikamwambia hukaa mpaka aitwe fundi.

"Kwetu fundi hakuitwa," akasema.

Hapo ndipo aliponieleza. Mama yake alifariki yeye akiwa msichana mdogo wa shule. Kulikuwa na kochi la watu wawili sebuleni, na upande wa mama ukabaki na shimo lake. Baba hakukataza mtu kukaa pale. Hakuna aliyethubutu tu. Wageni walikuwa wanaonyeshwa viti vingine kwa upole. Yeye alikuwa anafanya hesabu zake za shule amesimama kando, daftari juu ya mkono wa kochi, na alikuwa na hakika kwamba kuna mtu amekaa, ila hakuwa na uso, maana uso wa mama ulikuwa umeshaanza kumtoka kichwani.

"Sikuwahi kukaa pale, Mama Neema. Nilipelekwa shule ya bweni, na nilipofunga shule nikakuta kiti kimeuzwa. Kwa hiyo nikamwandika msichana anayekaa."

Nilisikia uchungu, na nilipogeuka nikaona zimwi langu limesimama pale na pembe zake, nikaona aibu kwa niaba yake. Nikauliza, vipi ikiwa tutaonyesha shimo peke yake? Kochi tupu, na shimo linaingia mbele ya macho ya watu, bila mtu.

Mwalimu akaweka kikombe chini. "Unaweza kulifanya shimo likae?"

Nikasema naweza. Sikuwa nimewahi kufanya kitu kama hicho, lakini fundi husema naweza kwanza, kisha ndiyo anakwenda kutafuta namna. Tukamwita Collins. Alisikiliza, akatazama kochi, akanitazama mimi.

"Ati zimwi ni kiti?"

"Zimwi ni yule anayekikalia," nikamwambia.

"Na sasa watu wataona nini?"

"Wataona nilichokuwa nikiona mimi," Mwalimu akasema, na Collins, ambaye hakujua habari ya mama yake Mwalimu, aliona uso wa Mwalimu na hakuuliza zaidi.

Sasa kwa faida yenu mafundi, nitaeleza ilivyofanyika. Kwanza tulichukua kochi langu kuukuu la watu wawili, tukafunga uzi wa kuvulia samaki chini ya kiti tukauvuta. Kiti kikashuka kama ndoo kisimani. Tulipovuta kwa nguvu zaidi ikawa kama mtu ametupa gunia la mahindi. Collins akakata tamaa mara mbili siku hiyo. Mimi nikaenda nyumbani nikamtazama mume wangu akikaa kutazama taarifa ya habari, nikamwambia asimame akae tena, akasimama akakaa tena, mpaka akauliza kama nimempata mwingine. Mtu hakai mara moja. Hukaa ukingoni kwanza, kisha huteleza nyuma, kisha huachia mgongo, na sponji hutoa pumzi. Ile pumzi ndiyo kila kitu. Bila pumzi ni kiti kimebonyea. Pakiwa na pumzi, kuna mtu.

Nikatoa springi zote. Nikaondoa ubao wa chini, nikaweka mikanda miwili mipana, mmoja kila upande wa kochi, iliyoshonwa kwenye sponji kwa ndani: mkanda ukikazwa pembeni hubeba sponji, ukivutwa chini huizamisha. Aliyelala chini ya kochi angeweza kushika mikanda hiyo, akavuta kulia au kushoto, mbele kisha nyuma. Na mgeni alipotakiwa kusogea, mkanda wa kushoto ulilegezwa huku wa kulia ukivutwa, na shimo likahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Juu ya mgongo nikaweka kitambaa cheupe cha kufuma, kisichofungwa, ili mgeni akiegemea kiteleze kidogo. Swali likabaki nani alale chini. Kila kijana tuliyemjaribu alivuta kama anafungua geti. Mwishowe nikalala mwenyewe, na nyonga zangu. Kwa hiyo wanaouliza nani aliigiza zimwi lile, ambalo jina lake halikuandikwa popote, ni huyu anayewaandikia.

Mwalimu alikuja kuona tena. Alitazama kochi likikaliwa, akasema kitabu ni chetu. Tukaenda Naitiri.

Nyumba tuliyokodi ilikuwa ya mama mmoja mkarimu. Siku ya tatu, tumewasha kamera, mgeni amekaa, yaani mimi nimelala, yule mama akaingia kutoka jikoni na sinia, akaweka kikombe cha chai mbele ya kochi tupu, akasema karibu, kisha akasimama pale akishangaa mkono wake mwenyewe. Collins aliacha kipande hicho kama kilivyo. Hamkioni kwenye kitabu. Nilimwuliza Mwalimu kama kinamkera, akajibu angekuwa amekifikiria angekiandika.

Tukarudi Bungoma, ukumbi ule ule, alasiri ya Jumamosi. Collins alikuwa ameagiza kochi lenyewe liletwe na kuwekwa kando ya mlango wa kuingilia, ili watu wapige picha wakitoka. Mimi niliketi nyuma kabisa, na sikutazama skrini, nilitazama vichwa. Mama Faith alikuwepo, safu ya pili, mkoba wake juu ya kiti kitupu cha pembeni yake. Nilimsubiri kwa hofu kuliko nilivyomsubiri mkaguzi yeyote.

Mgeni akaja. Ukingo ukashuka, kiti kikashuka, kitambaa cheupe kikateleza, sponji ikatoa pumzi. Hakuna aliyecheka.  Mama Faith alinyoosha mkono gizani, taratibu, akautoa mkoba wake kwenye kile kiti cha pembeni na kuupakata. Nilifurahi mpaka nikalazimika kuuma leso yangu.

Filamu ilipokwisha watu walitoka, na kelele zikaanza nje, nzuri, za watu wanaobishana. Mmoja alisema mgeni ni marehemu, mwingine akasema ni njaa, kijana mmoja akaapa kwamba ameona sura yake kabisa. Lakini picha kwenye kochi hakuna aliyepiga. Walilipita kwa mbali, wakilizunguka kama wanavyozunguka dimbwi. Collins aliwabembeleza wakae, wakacheka, wakasema akae yeye kwanza. Hakukaa.

Ukumbi ulipobaki na sisi wachache wa kukunja nyaya, nikamwona Mwalimu Peninah amesimama kando ya kochi. Mkono wake uko juu ya mkono wa kochi, mahali daftari lingekuwa. Nikajua anachotaka kufanya kabla hajakifanya, na nikashtuka, kwa sababu kochi lile halikuwa na springi. Chini ya sponji hakukuwa na kitu ila mikanda yangu miwili iliyolegea. Mwalimu akikaa angepitiliza hadi sakafuni, mbele ya vijana, siku ile kuliko siku zote.

Sikuwa na muda wa kueleza. Nilipita nyuma, nikapiga magoti, nikaingia chini ya kochi kwa njia niliyoizoea, na nikaikaza mikanda yote miwili kwa nguvu za mikono hii ambayo sasa haiwezi kufungua kopo la mafuta. Mwalimu ni mwembamba, Mungu ni mwema. Nikaona viatu vyake vilivyopigwa rangi vikisogea. Ukingo ukashuka kidogo mikononi mwangu. Akatulia pale ukingoni kwa muda, nusu amekaa, nusu amesimama.

Kisha nikamsikia, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya mwalimu tena.

"Nisogezee kidogo, Mama."

Nikaushikilia mkanda wa kushoto. Wa kulia nikauvuta chini. Shimo likahama upande wa pili, polepole, kama tulivyofanya Naitiri, na Mwalimu akateleza nyuma, akaegemea, sponji ikatoa pumzi. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana, au labda ni mikono yangu. Nilishika. Alijua vizuri kochi lile linavyofanya kazi, alikuwa amelikagua mwenyewe Tuwan, na nyayo zangu lazima zilikuwa zinaonekana kwa nyuma.

Alikaa vile kwa muda ambao sikuupima. Nilimsikia akicheka kidogo, akipenga kamasi, akicheka tena. Halafu akasema asante, na mpaka leo sijamwuliza alikuwa anamshukuru nani.

Kochi lile sasa liko sebuleni kwangu. Nimelirudishia springi, zipo sita kila upande, na vitambaa vyeupe juu yake kama nyumba nyingine yoyote. Zimwi lenye pembe nimemwachia Mercy pale karakanani, liko mlangoni, anatundika futi zake kwenye pembe. Mwalimu akitoka Naitiri kuja Kitale hupitia kwangu, hakaribishwi, anaingia na kwenda moja kwa moja upande wa kushoto, na mimi naenda kuweka maji ya chai.